Kamera Isiyojua Leo ni Siku Gani

Balaa la jana lililetwa na Gazeti, mwenzetu ambaye hajawahi kununua gazeti hata moja. Alisoma kwa sauti, juu ya bega la mtu, habari ya ofisi iliyofunga kamera ikawanasa makarani kumi na wanne wakikoroma mezani. Futi, yule fundi cherehani, akacheka mpaka kahawa ikampalia. Akasema picha zao zibandikwe mlangoni, wake zao wazione.

"Mkuki kwa nguruwe," Gazeti akamwambia.

Maana Fundi Waya, mtengeneza redio ambaye benchi letu liko mbele ya kibanda chake, alishafunga ya kwake. Ana kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, kibao kitupu tu, haina kioo wala vitufe. Ameiunganisha kwa utepe mwembamba na kamera isiyozidi kifungo cha koti, akaielekeza kwetu. Kila dakika kumi inapiga picha. Zilizo nzuri anazichapa na kuzibandika mlangoni kuvutia wateja, siku na saa zimeandikwa pembeni. Sisi wenyewe tulikuwa tunajipenda sana humo.

Mara akatokea mke wa Futi. Alitusalimia vizuri mno, tukajua kuna kesi. Akabandua picha moja mlangoni, akamwekea mumewe mapajani.

"Baba watoto, huyu ni nani?"

Alikuwa yeye, utepe wa kupimia shingoni, anakula kete tatu za drafti kwa mpigo. Pembeni: Jumamosi, saa nne na dakika ishirini. Jumamosi saa nne Futi alisema anampelekea bibi harusi gauni. Na kijiwe kizima kilijua kwamba kaka zake shemeji walishampa Futi onyo la mwisho: uongo mmoja zaidi, dada yao anarudi kwao na watoto. Nilimhurumia, kwa sababu Jumamosi hiyo gauni alilipeleka kweli. Mimi nilikosa mtu wa kucheza naye.

Futi akaapa kwa kila alichokijua. Shemeji akamjibu kwamba kamera haina undugu na mtu. Gazeti akadakia kwamba njia ya mwongo ni fupi, nikamkanyaga mguu.

"Waya, sema neno," Futi akaomba. "Ndoa inaondoka hii."

Waya akavaa miwani, akaikagua ile picha, akatabasamu.

"Shemeji, tarehe hii si kweli. Hii kompyuta haina saa yake ya ndani. Umeme ukikatika inalala, ukirudi inaamka ikidhani bado ni saa ileile ilipolala. Na umeme ulikatika Jumamosi, saa nne kamili."

Futi akasimama wima. Alituita mashahidi, akauliza tangu lini kibao cha plastiki kikaaminiwa kuliko mume wa ndoa, akadai kuombwa radhi palepale hadharani. Shemeji akaona haya, masikini, hata machozi yakamlengalenga.

"Nisamehe, baba watoto." Akamgeukia Waya. "Kwani umeme ulirudi lini?"

"Jumatatu, saa tano kamili," Waya akasema, ufundi umempanda kichwani. "Kwa hiyo picha hii ni ya Jumatatu, saa tano na dakika ishirini. Hapo haikosei hata dakika."

Nilifumba macho.

"Jumatatu," shemeji akarudia polepole, "nilimwacha kitandani anatetemeka kwa homa. Mimi na kaka zangu tukamhamisha mama peke yetu. Kabati tumelipandisha ghorofa ya nne."

Futi akajaribu kukohoa. Gazeti akakumbuka ana mgonjwa wa kumtazama, mwingine akakumbuka ameacha maji jikoni, na mimi nikawa nafunga kamba za viatu ambavyo havina kamba.

Shemeji hakugomba. Aliketi karibu na mumewe, akamnyoosha kola ya shati.

"Waya, tupige nyingine, tuko wawili. Kaka zangu wataitaka jioni, wakija kunichukua mimi na watoto. Ya leo tarehe nitaiandika mwenyewe, kwa kalamu."