Sura Yangu Kwenye Kitenge cha Mavuno

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimeteuliwa katibu wa kamati ya kitenge! Kanisa letu linatimiza miaka sabini na tano siku ya Mavuno, tarehe 26, na waumini wote watavaa sare. Siku hiyohiyo atatangazwa mzee mpya wa kanisa, mahali pa marehemu Mzee Ofosu. Nakitaka kile kiti. Kiko mbele, kinatazamana na watu, na feni iko juu yake. Darkwa, yule mpuliza tarumbeta, naye anakimezea mate.

Kamati imekubaliana: rangi ya buluu, maneno UTUKUFU NI WA BWANA, na katikati duara lenye picha ya kanisa. Mchungaji Larbi kasisitiza kwamba sura ya mtu yeyote isiwemo, hata ya mwanzilishi. Nimeandika yote kwenye kumbukumbu, kwa mwandiko safi.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimekwenda Accra kwa mchapishaji. Picha ya kanisa ina ukungu. Bahati njema nilikuwa na nyingine mfukoni: mimi, nimesimama mlangoni na kente yangu, lile vazi la fahari nililofungia harusi. Kanisa limo. Ukitazama vizuri, mlango unaonekana nyuma ya sikio la kushoto. Mchapishaji kauliza huyu ni nani. Nikamjibu ni mtumishi tu. Kauliza ukubwa gani. Nikamwambia mimi si mtu wa makuu, sahani ya wali inatosha.

Jumamosi, 18 Oktoba

Kitenge kimefika. Nimependeza jamani! Darkwa kafunua jora la kwanza, kauliza kanisa liko wapi. Nikamwonyesha mlango. Kasema hakujua kama Bwana ana masikio makubwa hivyo. Wivu huo. Mchungaji kashusha pumzi ndefu, kasema muda wa kuchapa upya haupo. Haupo kabisa, nilishapiga hesabu. Wanawake mia mbili watanivaa. Kiti ni changu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Nimepita kwa Mama Dedaa, fundi cherehani, kujionea. Heri nisingepita. Anasema duara kubwa namna ile halikatwi, lazima likae zima, na kwenye sketi zetu za kubana sehemu pana ni moja tu.

Makalioni.

Ameshashona arobaini. Kanionyesha kwa fahari alivyonipanga sawasawa, pua katikati. Nikambembeleza anihamishie kifuani. Kasema, baba wee, kifuani kuna shingo ya blauzi, nitakukata macho. Nimerudi nyumbani.

Jumapili, 26 Oktoba

Aibu gani hii. Wanawake walipocheza kwenda madhabahuni na viazi vikuu vyao vya shukrani, sisi wa nyuma tuliniona mimi, mara mia mbili, nikitikiswa na ngoma. Huyu ananicheka, yule ananikonyeza, na wote ni mimi. Mke wangu Serwaa kajaliwa mwili; kwake nilikuwa nimenenepa mashavu. Mchungaji akasema tuketi. Kanisa zima likanikalia.

Darkwa alicheka mpaka tarumbeta ikalia kama mbuzi. Nilipomlaumu Serwaa, kasema amenibeba miaka thelathini, leo ndio nimeona? Halafu likasomwa jina la mzee mpya. Darkwa. Akaenda kuketi chini ya feni yangu. Nililia kweli, mbele za watu, sikujizuia.

Jumatatu, 27 Oktoba

Mchungaji kaja nyumbani. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Kasema utukufu ni wa Mungu, na mwenye kuuchukua hajui atakalishwa wapi. Nikapiga magoti, nikatubu, na nilimaanisha. Serwaa mwenyewe alifuta machozi. Mchungaji kaniomba Jumapili nitoe ushuhuda mfupi juu ya majivuno.

Nimeshauandika. Kurasa kumi na moja. Mji huu haujapata kuona mtu mnyenyekevu kama mimi, na itakuwa hasara watu wakisahau. Kwa hiyo nimempigia yule mchapishaji wa Accra: leso za mkononi mia mbili, sura yangu imeinama, chozi shavuni.

Safari hii nimefikiri vizuri. Leso hakuna anayeikalia. Mtu huishika mkononi, karibu kabisa na pua.