Waya wa Kutafutia Pete

Jumatatu, 7 Aprili 1997
Mashine ya kutafuta vyuma ardhini imekamilika. Umebaki waya wa kuunganisha koili, ile duara inayonusa chuma, na kisanduku cha sauti. Dukani mjini Maryborough wanauza waya maalumu, laini, uliozungushiwa nyuzi za shaba. Sikununua. Bandani nina mita thelathini za waya wa antena ya televisheni. Waya ni waya.

Jumapili mimi na Glenys tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Anataka nivae pete. Tangu 1958 namwambia iko benki. Ukweli: niliivua nicheze tenisi uwanja wa kanisa, nikaiweka juu ya nguzo ya wavu, nikaisahau. Uwanja sasa ni malisho ya kondoo.

Jumanne, 8 Aprili
Mashine imelia kila hatua. Nimechimba mashimo kumi na tisa, yote matupu. Nimeyafukia yote, maana huku kwetu anayeacha shimo wazi hasalimiwi tena baa.

Lindsay, kaka yake Glenys, aliegemea uzio. Yeye ana mashine ya kiwandani. Akauliza natafuta nini. Dhahabu, nikamwambia. Akasema, "Shemeji, hata kondoo wamechoka na kelele zako."

Nilisimama pale ulipokuwa mstari wa nyuma. Siku ile Glenys alinifunga sita kwa mbili, gauni jeupe, kipande cha chungwa mdomoni.

Jumatano, 9 Aprili
Nimelehemu viungo upya mara mbili. Nimeungua kidole. Bado inalia.

Lindsay amekuja na sumaku ya friji, akaigusisha kwenye waya. Ikanasa. Kumbe ndani ya shaba ya waya wa antena kuna chuma. "Shemeji, umeunda mashine inayojisaka yenyewe." Akanipa yake niazime. Nimekataa. Angejua natafuta nini, na dada yake angejua kabla ya chai.

Ijumaa, 11 Aprili
Nimekata waya wa maikrofoni ya ukumbi wa kanisa. Maikrofoni yenyewe haijasema kitu tangu kasisi wa zamani astaafu. Sumaku hainasi. Ila waya ukipinda tu, mashine inapiga kwikwi. Nimeuzungusha kwenye mpini, nikaukaza kwa utepe. Kimya.

Saa kumi nilikuwa uwanjani. Nimepata bawaba, vizibo vitatu vya bia, na mkono wa chuma wa kukazia wavu. Huo niliutambua kabla sijaupangusa udongo. Niliuzungusha kila Jumamosi kwa miaka sita. Nimekaa nao chini kidogo.

Pete hakuna.

Jumapili, 13 Aprili
Kifungua kinywa. Kando ya kikombe changu, pete.

Glenys aliiokota juu ya nguzo jioni ileile. Imekaa kwenye kopo lake la vifungo muda wote. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Baba Heather, nilikuwa nasubiri useme mwenyewe. Nilidhani itachukua wiki."

Akaongeza kwamba nilikuwa hodari wa kudanganya kuliko wa tenisi. Akanivisha. Inabana kidogo. Wageni ni saa saba.

Saa tano Lindsay alileta zawadi: mita tatu za ule waya wa Maryborough. Nikaufunga papo hapo. Waya mpya hupimwa kwa dhahabu ya kweli, kila mtafutaji anajua. Nikaifukia pete nyuma ya banda la kuku, kina cha shubiri moja, nikaenda kuchukua mashine. Niliporudi kuku walikuwa wamepachakura pote.

Mashine imetulia kabisa. Hailii popote.

Nimemwambia Glenys pete ilinibana, nimeipeleka kwa sonara aipanue. Akatazama udongo kwenye magoti yangu. Nimekumbuka baadaye kuwa leo ni Jumapili.

Namwona dirishani sasa. Ameshika kopo la vifungo, anaelekea kwa kuku, macho ardhini. Sijui anawalisha nini saa hizi.

Kosa ni waya huu wa dukani. Kuna waya wa simu bandani, nalehemu huo. Waya ni waya.