Paa Lililolambwa na Ng'ombe wa Mahari

Tinde, Shinyanga
Jumamosi, 25 Novemba 1972

Ndugu Mtunza Ghala la Pamba,

Kwa heshima na masikitiko nakutangazia kwamba tangu juzi mchana gari langu liko kichwa wazi. Ni lile dogo jekundu la paa la kukunja, nililolinunua kwa fundi mmoja wa Geita mgodi ulipofungwa. Leo saa nne binti yangu Theopista anaolewa, mawingu yamekaa juu ya Tinde kama wakwe walionyimwa viti, nami nimeapa hataingia kanisani amelowa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Paa la kwanza lilikuwa la khaki. Fundi cherehani Maduhu alisema kitambaa hicho ni imara, kaptula za shule zilizoshonwa nacho hukaa miaka mitatu. Kweli, lakini hakuna anayevaa kaptula kichwani. Mvua ilipita kama chai kwenye chujio.

2. La pili lilikuwa la plastiki. Jua lililipasua ndani ya wiki mbili. Mama Theopista alisema gari likienda, paa linapiga kelele kuliko mimi. Hilo nalileta kama ushahidi tu.

3. Mara ya tatu mtu huchagua kwa akili. Nilichagua ngozi ya ng'ombe, nene, isiyo na mshono, iliyokaushwa kwa chumvi. Juzi Bujiku, baba wa bwana harusi, akaleta ng'ombe kumi na wawili wa mahari, akawafunga kando ya gari. Walilamba chumvi hadi adhuhuri, ngozi ikalainika, wakaivuta, ikashuka. Nilipomlalamikia akanijibu mbele ya watu, "Mkwe, ng'ombe akishavuka boma lako, ulimi wake ni wako. Umejilamba mwenyewe."

4. Hapa ndipo unapoingia wewe, ndugu. Uani kwako pamba imelala tangu Julai chini ya turubai la kweli: limefumwa kwa uzi mnene, mishono imerudiwa, pembe zina pete za shaba. Nililimwagia debe la maji mlinzi wako akiangalia. Halikutoa hata jasho. Je, pamba hiyo inaolewa lini?

Pamba ikilowa huanikwa. Bibi harusi akilowa husimuliwa mpaka kwa wajukuu. Kwa hiyo naomba turubai hilo hadi saa sita. Likikosekana, ghala lifunguliwe, gari liingie, na padri afungishie ndoa humo. Hilo nalo likishindikana, naomba mvua iahirishwe kwa barua yenye mhuri wako.

Wasalimie wa nyumbani kwako, mlinzi na mbwa wake, na pia mzani wenu, ingawa haujawahi kuipokea vizuri pamba yangu.

Wako katika kujenga Taifa, ikiwezekana pakavu,

Pantaleo Mageni

Baada ya sahihi: Nimeinua kichwa nikakuta Theopista ameshakwenda na mama yake, kwa miguu, chini ya mwavuli mmoja. Kutoka mlangoni kwetu hadi mlango wa kanisa ni hatua arobaini.