Kongo ya Sika katika Bwawa la Mama Vagheni

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa tatu, 2000. Butembo

Leo nimelia barabarani. Mbele ya watu! Mimi, Benoît, afisa wa Serikali! Sababu: ua.

Issaka, mfanyabiashara wa Kimemi, amerudi na gari lake kutoka mpakani Kasindi. Nyuma, kati ya magunia ya chumvi na mabati, beseni la maji. Ndani ya beseni, majani yenye shingo iliyovimba na ua la zambarau. Amemletea mke wake Zawadi, mpenda maua. Nikaganda. Kongo ya sika, gugumaji! Majani ya mto wetu! Utoto wangu wote kule Mbandaka niliyatazama yakipita juu ya maji, visiwa vizima, ndege wamesimama juu yake. Mama yangu yuko kule. Tangu vita vikate nchi vipande, hakuna boti, hakuna habari. Sijui kama bado anapumua.

Issaka aliona machozi, akaogopa, akanipa vishina bila kuombwa. Nimevibeba ndani ya kofia ya kazi. Mke wangu Ngalula aliuliza kama haya ndiyo makaa aliyonituma.

Jumatano, tarehe 8

Wazo! Kubwa!

Askari wamekula mbuzi wote wa Vulamba, mtaa wetu. Wakamaliza nguruwe, wakaingia kwenye kuku. Wamebaki simbiliki tu, wale wanyama wadogo tunaofuga chini ya kitanda, ambao mwenye bunduki hawaoni. Kila nyumba inao. Lakini simbiliki wanataka nyasi, nyasi iko mlimani, na mlimani kuna watu wenye silaha. Juzi wanawake wawili wa mtaa wetu walirudi kutoka kukata nyasi bila vikapu vyao. Hawajasema neno mpaka leo. Hakuna anayewauliza.

Donc, basi, nyasi iote hapa chini! Juu ya maji! Hakuna mmea unaozaa haraka kama Kongo ya sika. Nina diploma, ninajua.

Na Blaise atapasuka. Blaise ni mwenzangu wa bureau ya Mazingira, mutu wa Kisangani. Chef wetu alipokimbia vita, Blaise ndiye aliyekuwa karibu na droo yenye tampon, muhuri wa bureau. Kwa hiyo yeye sasa ni chef. Anavaa kravate shingoni hata siku ya posho, Jumamosi. Mimi nakaa dirishani, kwa sababu kiti ni kimoja.

Maji ninayo pia. Mwenye nyumba yetu, Mama Vagheni, mjane, ana bwawa la samaki bondeni. Nyumba yake imejaa ndugu waliokimbia vijiji vyao, na bwawa ndilo linawalisha. Vagheni ni mtoto wake wa kwanza. Kwa Kinande maana yake wageni. Mama huyu hajawahi kufukuza mtu.

Alitazama vishina vyangu, akauliza:

“Hii majani inakulaka samaki?”

Nikamjibu kwamba majani hayali samaki. Nilijibu kwa sauti ya Serikali.

“Wasingya,” akasema. Asante. Nikatumbukiza.

Jumapili, tarehe 26

Yamezaa! Yamezaa tena! Bwawa lina zulia la kijani upande mmoja, na maua kama taa. Baada ya misa watu walishuka kutazama. Wanawake wanakata majani palepale, hawapandi mlimani. Mmoja wa wale wawili wasiosema alikuja pia, akachukua kikapu kizima, akanitikisia kichwa. Nilikaribia kulia tena.

Kila mwenye bwawa ameomba mbegu. Nimegawa kwa mikono miwili. Mtu wa Mbau, huko juu ya Beni, amefunga shina lake kwenye kinga, baiskeli yake, amekwenda nalo.

Hata Blaise alishuka. Alitazama kwa muda mrefu, mdomo umerefuka. Kisha akaomba moja kwa ajili ya bureau. Nimempa dogo.

Alhamisi, tarehe 13 mwezi wa ine

Simbiliki wanaharisha. Wote. Wanaishi chini ya kitanda, na kitanda ni chetu. Siandiki zaidi.

Nimechunguza: majani haya ni maji matupu. Dawa ni kuyakausha juani. Lakini ni mwezi wa mvua, jua hakuna. Nikayaanika juu ya madawati katika darasa la Ngalula, maana yeye ni mwalimu na darasa lina bati zima. Asubuhi batoto walikuta madawati yameoza na vyura wanaimba. Ngalula alisema mbele ya darasa lote kwamba aliacha kwao Kananga wanaume wazuri, wengine wenye akili.

Bwawani maji hayaonekani tena. Kuku alivuka kutoka ukingo huu mpaka ule bila kulowa. Nilimwambia Mama Vagheni kwamba hiyo ni faida: sasa ana kilalo, daraja la bure. Hakucheka.

Ijumaa Kuu, tarehe 21

Mungu wangu.

Asubuhi samaki walikuwa juu, pale penye tundu dogo la maji lililobaki, midomo wazi, wanavuta hewa kama watu. Nilivua viatu nikaingia. Nilirarua majani kwa mikono, nikayatupa nyuma yangu, yakarudi. Niliita watu. Tulipopata nafasi ya kuona maji, samaki walikuwa wamegeuka tumbo juu. Wakubwa, wadogo, wenye mayai. Wote.

Jumapili ni Pasaka, na mjukuu wa Mama Vagheni anabatizwa. Samaki hao ndio walikuwa karamu. Ndio walikuwa pia chakula cha mwezi ujao, na wa baadaye.

Hakunitukana. Aliokota wale waliokufa mwisho, akawapika, akaniletea sahani mlangoni.

“Mugeni wetu, kula. Isiharibike.”

Nikamwambia nitatengeneza yote.

“Kula kwanza.”

Nilikula amesimama pale. Sijawahi kula kitu kigumu namna ile, na samaki alikuwa laini.

Jumanne, tarehe 2 mwezi wa tano

Mvua. Bwawa lilifurika, Kongo ya sika ikatoka, ikafuata kijito, ikafika mtoni. Kwetu Mbandaka mto ni mpana, majani yanapita, yanakwenda zake baharini. Hapa yalifika chini ya kilalo, yakakwama. Sasa mahali pa kuteka maji ni matope na mbu. Batoto wana homa.

Blaise aliita mkutano. Alipanda juu ya meza na kravate. Alisema adui ameingia kutoka ng’ambo ya mpaka, adui wa kijani! Watu wakauliza nani anavukaka mpaka. Jina la Issaka likaanza kuzunguka midomoni. Kisha vijana wakaokota mawe. Issaka alikuwa pale pale, na Zawadi pembeni yake, ameshika kitambaa chake cha kichwa.

Nilifungua mdomo. Naandika hapa kwa haki: niliufungua kabisa. Hakuna kilichotoka.

Akasimama Mama Vagheni.

“Muache mutoto wa watu! Ilitoka mu étang, mu bwawa yangu. Nani aliruhusu? Ni miye. Muko na majiwe? Munitupie miye.”

Mawe yalianguka chini moja moja. Nani atamtupia Mama Vagheni? Nusu ya wale vijana wamekula kwake.

Blaise, ili kumaliza mkutano vizuri, alitangaza kiongozi wa kampeni ya kung’oa. Mtaalamu. Mimi! Watu walipiga makofi. Issaka hakupiga. Alinitazama tu.

Jumatano, tarehe 10

Salongo, kazi ya pamoja ya mtaa mzima. Tuliingia mtoni mpaka kifuani. Kila tulichong’oa tulirundika ukingoni. Ninajua vizuri kwamba kila kipande kinachokatika kinakuwa mama mpya. Nilijua. Lakini rundo linapendeza macho, na Blaise alitaka rundo.

Yeye aliongoza kutoka ukingoni kwa fimbo. Akateleza. Ikabaki kravate tu juu ya majani. Nilimvuta kwa kravate hiyo. Sijui kwa nini. Mtu mwenye akili angefikiri kwanza.

Halafu askari wakaja, wakachukua wanaume wenye mgongo mzuri kubeba maji ya kambi. Salongo ikaisha. Kisha mvua ikashuka, ikalirudisha rundo lote mtoni. Vipande vipande.

Jumamosi, tarehe 20

Naandika kutoka kachoti, mahabusu ya kambi. Ngalula ameniletea karatasi hii na bugari, ugali wa kwetu.

Wazo lilikuwa moto. Tulirundika upya, nikawasha. Majani mabichi hayawaki, yanatoa moshi. Moshi mweupe, mzito, ukapanda moja kwa moja mbinguni. Kambini walidhani ni alama ya adui. Wakapiga risasi hewani. Vulamba yote ikakimbia: vitanda vichwani, wagonjwa mgongoni. Mmoja wa wale wanawake wawili alikimbia bila mtoto wake, akarudi akipiga kelele. Ndiyo mara ya kwanza kusikia sauti yake tangu mlimani.

Hakuna aliyekufa. Ninalirudia hilo peke yangu, kwa sababu ndilo pekee nililonalo.

Naongeza usiku, nyumbani: saa tisa Blaise alikuja na tampon kunitoa. Alieleza komanda kwamba mimi ni mtu wake wa chini, mwenye nia njema na kichwa kidogo. Komanda alicheka. Tampon ikapigwa. Nimetoka.

Jumapili, tarehe 28

Nimeshuka bwawani. Nimeona maji!

Wakati mimi nilikuwa na kampeni, Mama Vagheni, Ngalula na wanawake wa nyumba walifanya kazi yao bila kelele. Wanang’oa kwa mkono, na mizizi yake, polepole isikatike. Wanabeba kwenye vikapu mpaka juu mahali pakavu, wanafukia kwenye shimo. Kila asubuhi wanarudi kutafuta kilichochipuka, hata kidogo kama ukucha. Wameweka fito za mianzi kwenye mlango wa maji ili kisiingie wala kutoka kitu.

Niliuliza Ngalula kazi hiyo inaisha lini.

“Haiishake,” alinijibu. “Kama kufua nguo.”

Sasa wale wanawake wawili wa mlimani wako pale pia. Wanasema kidogo, wakiwa wameinama, mikono majini. Mama Vagheni alinitengea kikapu. Nilifanya kazi mpaka adhuhuri, mgongo ukaniuma. Hakuna aliyepiga makofi. Hakuna hata wa kutazama. Nilifikiri: hii si njia ya mtu mwenye diploma.

Samaki bado hakuna. Wakimbizi wanakula sombe, majani ya muhogo, bila kitu. Mtoni, chini ya kilalo, majani yangali yote, na yanachanua. Kusema kweli ni mazuri mno.

Jumanne, tarehe 6 mwezi wa sita. Mbau

Blaise amenituma huku na ordre de mission, barua ya safari ya kazi. Anasema nimeaminiwa. Ngalula anasema nimefukuzwa.

Issaka alikubali kunipandisha, lakini tangu Butembo mpaka Beni hakusema neno. Nilikuwa kati yake na gunia la vitunguu, naangalia vizuizi vya askari vikipita. Baada ya Beni nikashindwa. Nikamwambia kwamba siku ile ya mawe nilitaka kusema.

“Najua, Chef,” akasema. “Nilikuona kinywa. Zawadi analalaka na nguo ya safari mpaka leo.”

Kisha akawasha redio.

Mbau yenyewe ni huzuni. Yule mtu wa kinga aliweka shina lake kwenye bwawa, bwawa likafurika, na sasa kinamasi chote cha chini kimefunikwa. Mashamba ya mpunga yako mle. Watu hawa wamekwisha kukimbia mara ngapi, wamerudi, wamepanda, na sasa hili. Mwenye kinga aliposikia nimefika alikuja kunishika mikono yote miwili. Hakuwa na hasira. Alikuwa na tumaini, na hiyo ni mbaya zaidi.

Wanawake walikaa chini, wakaniuliza: Chef, tufanye namna gani?

Nilikaribia kuwaambia habari ya vikapu, mashimo na fito za mianzi. Kila asubuhi, bila mwisho. Niliwatazama jinsi wamekonda. Nani ana moyo wa kuwaambia watu kama hawa kazi isiyoisha? Nikasema kuna njia ya kisasa, inakuja. Walipiga makofi.

Baadaye, wakati Issaka anatengeneza gurudumu, aliniambia, bila kutaka kabisa, kitu alichokiona Uganda, kwenye ziwa moja karibu na Kabale. Mdudu wa majini, mwekundu, ana makoleo kama kaa. Anakula majani ya maji, mizizi yote. Anakula pia mayai ya samaki, anatoboa kingo, anakata nyavu, na mvua ikinyesha anatoka majini, anatembea kwa miguu mpaka ziwa la jirani. Wavuvi wa kule wanamlaani.

Mimi nilisikia kimoja tu: anakula majani!

Nimemuomba aniletee ndoo moja. Alisema lile beseni la kwanza lilitosha, Chef. Nikamuonyesha ordre de mission, upande wenye tampon. Alitazama kinamasi, akawatazama wale wanawake wanaotungoja, akakubali.

Nimemsisitizia mambo mawili: achanganye madume na majike, na ndoo isifunikwe, wapate hewa njiani.