VPN Isiyoficha Jina

Jumatatu, 5 Mei. Osh.
Dooronbek kaninyang'anya arusi nyingine. Ya tatu tangu theluji iyeyuke! Mimi Ergeshbai, mshereheshaji kwa miaka ishirini na mbili, naangushwa na mtu anayekosea jina la bibi arusi. Eti ana wafuasi elfu tisa kwenye ule mtandao wa video uliofungwa na serikali. Wanamwonaje? Burulkan, mke wangu, kacheka sana. Kasema mji mzima una VPN, ile programu ya kupenya kwa kuficha ulipo, nimebaki mimi na kondoo.
Nina mpango. Niingie kwa siri, nimponde, nitoke.

Jumanne, 6 Mei.
Nimepakua ya bure. Burulkan kauliza: kama wanagawa bure, wanakula nini? Nikamwambia huo ni ukarimu. Saa moja baadaye simu imejaa matangazo ya dawa ya upara. Wamejuaje? Nimeifuta.

Jumatano, 7 Mei.
Kutwa nzima kwa Kochkor, fundi simu wa sokoni. Kila VPN nimeihoji kama mchumba wa binti yangu. Mwenye kampuni nani? Anaweka kumbukumbu za wateja? Nani wa nje amemkagua? Ikikatika ghafla, inafunga njia au inaniacha uchi barabarani? Tatu zimeanguka. Ya nne safi kabisa: ya kulipia, masharti yanasomeka, haitaki kuchungulia picha zangu. Kochkor kaanza kusema kitu kuhusu akaunti. Nikamkatiza. Mtaalamu sasa ni mimi.

Alhamisi, 8 Mei.
Nimeingia! Simu inasema niko Uholanzi. Nimevaa tai. Chini ya video ya Dooronbek nimeandika: “Utani huu hata babu yako aliuchoka. Na bibi arusi alikuwa Aijamal, si Aisuluu, kichwa maji wewe!” Hakuna binadamu atakayejua. Nimekula manti kumi na nne, yale madonge ya unga yenye nyama.

Ijumaa, 9 Mei.
Muuza mkate kanipa mkono. Dooronbek kapiga simu, matusi matupu. Nimekana. Nikasema lazima ni Mholanzi fulani. Burulkan kaniwekea simu yake puani. Juu ya maneno yale: jina langu kamili, picha yangu, kofia yangu ya sufu!
“Njia yote umejificha, baba,” kasema, “halafu mlangoni ukapiga hodi kwa jina lako.”
Aibu! Sitoki nje tena maishani.

Jumamosi, 10 Mei.
USHINDI! Kaja Haji Toktosun, baba yake Aijamal. Nikajificha nyuma ya pazia. Kasema viatu vyangu vinaonekana. Kisha kasema kosa lile watu wote waliliona, wakanyamaza au wakanong'ona. Mmoja tu kasema kwa jina na sura yake. Binti yake wa pili anaolewa kesho. Dooronbek kaachishwa. Kazi ni yangu!

Jumapili, 11 Mei.
Wageni mia nne. Sijakosea jina hata moja. Bibi kizee mmoja kalia kwa kucheka. Dooronbek kakaa meza ya karibu na choo. Kacheka mara mbili, nimemwona. Nimevishwa joho la heshima!

Jumatatu, 12 Mei.
Nimetafakari kwa kina. Kosa ni la VPN: haikuwa na nguvu. Nimenunua ya pili, nimewasha zote mbili kwa pamoja. Mshereheshaji wa mji wa Jalal-Abad nimemwandikia kwamba ananguruma kama trekta. Simu inasema niko Brazili. Atanipatia wapi?
Kajibu papo hapo: “Asante, kaka Ergeshbai.”
Kabahatisha.