Uso wa Msiba

Jumatatu, 4 Agosti

Kharumwa. Jua kali. Leo Ndaki, mwenzangu wa kuchimba, amepanda kutoka duarani, shimo letu la dhahabu, na jiwe moja. Linameta pande zote! Dhahabu. Nusu ya duara ni yangu. Esta, mke wangu, namwahidi bati tangu mtoto wetu Limi ananyonya. Limi yuko darasa la tatu na paa bado la nyasi.

Shida ni uso wangu. Hauna siri. Mwaka juzi nilitabasamu mara moja tu kwenye kibanda cha chai, jioni watu mia mbili wakawa wamelivamia duara letu. Rashi, mbio za dhahabu. Tukabaki na koleo. Ndaki kanishika mashavu kwa vidole vya matope, kasema mipaka yetu inapimwa Jumatatu ijayo, mpaka hapo nisicheke. Nisicheke tu? Mimi nitafanya zaidi. Nitavaa uso wa msiba.

Jumanne, 5 Agosti

Nyusi chini, midomo chini, jicho moja limelegea. Shingo inauma. Lakini inafanya kazi! Masudi, mnunuzi wa mawe, ambaye kila siku ananisoma kama tangazo la ukutani, kaniangalia, kisha akainamia kikombe chake. Mama Aneth wa chai kaniongezea andazi. Mbwa wangu Subiri alikuja mbio kunilaki, akanitazama usoni, akashusha mkia, akaenda kulala nyuma ya choo.

Alhamisi, 7 Agosti

Kumbe uso huu unaambukiza. Esta analia juu ya sufuria ya michembe, viazi vyetu vikavu. Namuuliza kulikoni, anasema hajui, akiniangalia tu machozi yanakuja. Limi naye kaanza. Majirani wakasikia. Saa nne nzengo nzima, mtaa wote, iko uani na kuni, unga na jogoo, wanauliza amefariki nani. Ningesema hakuna? Nimemtaja Mjomba Nkwabi wa Kahama. Mzima wa afya, anakula vizuri kuliko mimi. Mungu anisamehe.

Jogoo alikuwa mnono, lakini nimemla bila raha.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimechoka. Leo nilijifungia ndani nijaribu kuuvua huu uso. Hautoki. Mbaya zaidi, umeshuka hadi moyoni. Nimelitoa jiwe chini ya kitanda nilitazame. Jiwe tu. Linameta, sawa, hata chupa iliyovunjika inameta. Ndaki kasema jiwe ni lile lile. Nimemwambia yeye bado kijana, dunia hii haina kitu.

Jumapili, 10 Agosti

Masudi kaja kutoa pole. Uso wake umeshuka kuliko wangu. Tumekaa mkekani saa nzima, wote tumeshika tama. Nikamweleza yote: duara halina kitu, mwamba mtupu, nguvu zimeniisha. Akasema mfiwa habebi mizigo miwili, basi yeye atachukua nusu yangu ya duara, mimi nichukue pikipiki yake. Machozi yakamtoka. Nilimwonea huruma, jamani! Nikamuonya mara tatu. Akasema ndugu ni wa shida. Tumeandikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji. Pikipiki haiwaki, ila ina kioo kizuri cha pembeni.

Jumatatu, 11 Agosti

Mipaka imepimwa. Kabla ya mchana viroba saba vya mawe vimepanda, vyote vinameta. Masudi anacheka mpaka magego yanaonekana. Kumbe naye alikuwa amevaa uso wa msiba! Ndaki hakunigombeza. Alisema tu, "Kaka Donatus, ulitakiwa uwadanganye wao."

Alasiri Mjomba Nkwabi kashuka kwenye basi kuuliza amekufa kwa ugonjwa gani. Nzengo wanadai jogoo wao. Esta kaitazama pikipiki, akatazama paa, akanitazama mimi. Uso wake haukuwa na kitu kabisa. Sijawahi kuogopa uso namna hiyo.

Lakini kosa langu nimeliona. Nilichagua uso usiofaa! Kuanzia kesho ni kicheko. Nitachimba shimo lolote, nitatoka nacheka, rashi itakuja, nitawauzia nafasi, na Esta atapata bati. Jioni nimeanza mazoezi kwenye kioo cha pikipiki. Meno yote nje. Nikamgeukia Subiri nimjaribu nayo. Akanionyesha ya kwake.

Naandika haya mguu ukiwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Kesho nitacheka mdomo ukiwa umefungwa.