Mbuzi wa Jicho la Kathiresan

Kathiresan alikuwa akinywa chai ya bure mlangoni mwa hospitali ya macho (alimdanganya muuzaji kuwa yeye ni mkaguzi wa maziwa) aliposikia habari ya kumtoa udenda. Wazee wanne waliotolewa mtoto wa jicho kwenye kambi ya upasuaji ya shuleni wameingiwa na kuvu jichoni. Kesho waziri anakuja kuwapa pole: kila mgonjwa, mbuzi wawili.

"Mbuzi! Na mimi macho ninayo, yanakaa bure tu!"

Akajisugua pilipili jicho la kushoto, maana riziki ina jasho lake, akaingia wodini akilia. Karani akataka ndugu wa kumwangalia. Bila ndugu wa kutia dole gumba, hospitali ile hailazi mtu.

Kwenye kitanda cha mwisho alilala Bibi Pechiammal, mmoja wa wale wanne, jicho limefunikwa pamba.

"Bibi kipenzi, sema mimi mjukuu wako. Sema uliniona nikipasuliwa kambini."

"Nilikuona kwa jicho lipi?"

"Lolote utakalo, Bibi."

Bibi akapiga hesabu. Dawa ya matone ya kuvu ilikuwa imekwisha hospitalini, na daktari alishamwambia: ikifika jioni bila dawa, jicho ndiyo basi. Duka la stendi lilikuwa nayo, kwa bei ya kumtoa mtu roho.

"Niletee chupa tatu, uwe mjukuu. Na usiniletee maji ya waridi! Sista hukagua lakiri ya chupa."

Kathiresan akauza pete yake. Miaka yote aliwaapia watu kwamba ni dhahabu; siku hiyo sonara akamthibitishia, alikuwa akisema kweli. Iliuma.

Saa nane Bibi akatiwa tone la kwanza. Ndipo akabonyeza dole gumba kwenye karatasi ya Kathiresan. "Damu yangu huyu. Ona pua."

Asubuhi daktari akaingia na sinia. "Tuanze na huyu mpya. Jicho jekundu hivi linataka sindano, halisubiri."

Kathiresan akakunja mkono wa gauni la hospitali.

"Teremsha. Sindano ya jicho inaingia jichoni."

"Bibi! Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza, mjukuu. Mimi nimeshachomwa mbili. Unataja majina ya ukoo tu, ukifika kwa babu wa babu imeshatoka."

Hakufika hata kwa baba. Aliruka dirishani na gauni lile lililo wazi mgongoni, akatua mbele ya msafara wa waziri, akaupa mgongo, akakimbia.

Karani akasoma majina ya wa kupewa mbuzi. "Kathiresan hayupo. Ndugu yake?"

"Mimi hapa," akasema Bibi, akafuta chozi la jicho zima. "Mnifungie wote wanne pamoja."

Siku ya kumi na mbili Sista akamfungua pamba, akamziba jicho zima, akainua mkono. "Haya Bibi, vidole vingapi?"

Bibi akatazama dirishani.

"Achana na vidole, mwanangu. Kimbia nje. Yule mbuzi mweusi anatafuna shuka zako, na hiyo ni ya tatu."